Mkono Ndani ya Joho

Januari alikuwa mbishi. Tuanze na hilo, maana hata wanaompenda huanzia hapo. Angebishana nawe kuhusu saa ya mvua kunyesha, kuhusu ndizi ipi inafaa mtori, kuhusu refa wa mechi ambayo wewe uliitazama na yeye hakuitazama. Ukimkimbia, anakufuata mpaka mlangoni kwako amalizie hoja. Mkewe, Flavia, alikuwa akisema, "Baba Ronald, siku ukifa utabishana na kasisi anayekuzika." Naye anacheka, halafu anaanza kueleza kwa nini kasisi atakuwa na makosa.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa televisheni pale Kiboriloni, karibu na soko, na upande wa mbele wa banda alikuwa na mashine mbili za gemu ambazo vijana walikuja kuzichezea. Asubuhi anateremka kutoka Old Moshi, jioni anapanda. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya wazazi, katikati ya migomba na kahawa. Kihamba kile, yaani shamba la ukoo, aliachiwa yeye kwa kuwa ni kitinda mimba, kama ilivyo desturi. Kaka yake, Basili, aliyemtangulia miaka sita, aliishi bondeni kwenye mashamba ya miwa, akiendesha trekta la kubebea miwa kupeleka kiwandani. Hawakuwa na ndugu mwingine, ni wao wawili tu.

Sasa hao ndugu wawili walikuwa na gemu yao. Wazungu walioitengeneza waliipa jina refu, lakini watu waliiita Lango tu. Ni hadithi ya ufalme wenye majivu na mazimwi, ina vita na uchawi, na wewe mchezaji unatembea ndani yake, unaongea na watu, unaamua mambo. Lango la kwanza walilicheza wakiwa vijana, kwenye banda la mtu mwingine. Kiingereza cha Januari kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo Basili alikaa pembeni akimtafsiria, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kichagga panapokuwa patamu. Mfalme akiongea, Basili anakohoa kwanza kama mzee wa ukoo. Bibi mchawi akiongea, Basili anabana pua. Mpaka leo Januari hajui sauti halisi za watu wa gemu ile. Anazijua za kaka yake.

Lango la pili liliishia pabaya. Kuna ndugu wawili, Orveni mkubwa na Telu mdogo. Mkubwa anafanya kosa, mji unaungua, na Telu anamfungia nje ya lango, kwenye baridi na mazimwi. Mchezaji ndiye anayefunga, hakuna njia nyingine, lazima ubonyeze. Siku hiyo pedi ya kuchezea ilikuwa mikononi mwa Januari. Akabonyeza. Basili akaruka kwenye kiti akicheka, "Wewe! Umenifungia nje, mdogo wangu!" Walicheka mpaka mwenye banda akawafukuza. Jamani, mtu angejua.

Miaka ikapita, watu wakaoa, wakazaa. Baba alishatangulia. Mama yao, Mama Salvina, akapooza mkono mmoja, akawa mtu wa kuangaliwa. Jumamosi moja Januari na Flavia walikwenda harusini Rombo, Basili akapanda kutoka bondeni kukaa na mama. Alikuwa amezoea kukaa naye, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mchana jirani akapita, akamwambia mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva, njoo uonje. Basili akamwambia mama, "Natoka kidogo." Hicho kidogo kikawa saa nne nzima. Mama akapata kiu, akajikokota mwenyewe kwenda mfongoni, ule mfereji wa maji unaopita juu ya migomba. Akaanguka. Walimkuta nusu ndani ya maji, hai bado, na siku ya pili hospitalini akafariki.

Januari hakungoja hata mama azikwe. Kwenye matanga, mbele ya ukoo mzima, alimnyooshea kaka yake kidole. "Wewe umemuua mama. Mlango wangu usiuone tena." Basili, mtu aliyekuwa na maneno kuliko redio, siku ile alitazama viatu vyake tu. Akazika, akateremka bondeni, na tangu hapo hawakusemezana.

Yaani kusemezana kwa kawaida. Maana lilikuwapo kundi.

Kundi hilo la WhatsApp liliitwa Wana Lango Kilimanjaro, watu kama sitini hivi. Kiongozi wake alikuwa Mwalimu Joyness, binti wa mlimani huko huko anayefundisha shule ya msingi, mdogo kwa umbo na mkali wa kalamu. Ndugu wote wawili walikuwemo toka zamani na hakuna aliyekubali kujitoa. Mnamuelewa Januari: kujitoa ni kushindwa. Basi walikaa kimya humo, kila mmoja akisoma meseji za mwenzake, mpaka wale wazungu walipotangaza Lango la tatu.

Walitoa trela ya dakika mbili ya kuonjesha watu. Theluji inaanguka. Lango lile lile. Hodi tatu. Kamera inasogea, tunamuona Orveni, amezeeka, ndevu nyeupe, amesimama peke yake. Mkono wa kushoto unabisha hodi. Mkono wa kulia umefichwa ndani ya joho. Giza. Imeisha.

Weee! Kundi liliwaka moto. Ameshika nini? Watu hawakulala. Mmoja akasema ufunguo, mwingine akasema taji, mwingine akakuza picha mpaka ikawa mabaka ya rangi, akasema anaona mkia wa zimwi. Januari akarekodi sauti ya dakika saba. "Ni kisu. Acheni ndoto. Mtu umemfungia nje miaka yote hiyo, anarudi na nini? Anarudi na kisu."

Jibu la Basili lilikuja kesho yake, kwa maandishi, mistari miwili: "Mtu anayekuja kuua habishi hodi. Orveni anakuja kuomba msamaha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwandikia mdogo wake baada ya miaka miwili. Januari aliisoma akiwa na chuma cha kulehemu mkononi, akaunguza kidole. Akajibu papo hapo. "Msamaha gani? Mji umeungua." Basili naye: "Ndiyo. Umeungua. Na yeye ndiye anayeujua moto wake kuliko wewe." Watu wa kundi wakafurahi kweli kweli, wakaweka vicheko na makofi, wakadhani wamepata mabingwa wawili wa kuchambua gemu. Mwalimu Joyness akawapa majina, Chama cha Kisu na Chama cha Hodi. Hakuna aliyejua kwamba hapo palikuwa na ndugu wa tumbo moja, na kwamba hakuna aliyekuwa akiongelea gemu.

Flavia peke yake alijua. "Baba Ronald," alimwambia akimenya ndizi, "si umpigie tu simu?"

"Nimpigie nimwambie nini? Hajui hata hadithi."

"Hadithi si yeye aliyekufundisha?"

Januari akatoka nje kuangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Krismasi ikafika, na wakati huo kila Mchagga aliye mbali anarudi mlimani. Tarehe ishirini na saba, mchana, Januari akiwa kwenye kahawa alimuona kaka yake anapanda njia. Amekonda. Amevaa koti la baba, lile la kijivu, na mkono wa kulia ameuingiza ndani ya koti. Ncha ya jani la kijani ilikuwa imechomoza kifuani.

Januari alijua ni nini. Mtoto wa mlimani yeyote angejua. Ni isale, lile jani refu tunalopanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikuletea isale, ukalipokea mkononi, umesamehe. Na akikupa huwezi kulikataa. Hata kama amekuchomea nyumba huwezi, ukoo mzima utakushangaa. Ndiyo maana mtu asiyetaka kusamehe hana njia isipokuwa moja tu, nayo ni kutopatikana.

Basi mtu mzima wa miaka thelathini na tano, baba wa mtoto, fundi anayeheshimika, aliinama akapita chini ya migomba kama mwizi wa kuku, akavuka mfongo, akajificha kwa jirani. Huko alikaa mpaka jioni akisifia nguruwe wa watu. Aliporudi alikuta Flavia amenuna.

"Shemeji amekaa saa tatu nzima," alisema. "Nimempa chai, hakunywa. Nikamwambia niachie hilo jani nitampa. Akasema hapana, hili halipokelewi na mtu mwingine. Umefanya vibaya, Baba Ronald. Umefanya vibaya sana."

"Mimi nilikuwa na shughuli."

"Shughuli yako ina nguruwe wangapi?"

Mwezi wa tano Basili alikuja tena, safari hii bandani Kiboriloni. Ilikuwa saa sita mchana, soko limejaa. Januari alimuona kwa mbali, koti lile lile, mkono ule ule. Banda halikuwa na mlango wa nyuma. Akavuta mlango wa bati, akatia komeo kwa ndani, akakaa kwenye ndoo akishika pumzi.

Hodi tatu.

"Janu," Basili alisema nje. "Viatu vyako naviona chini ya mlango."

Januari akanyanyua miguu. Fikiria mtu na ndevu zake, amekaa kwenye ndoo, miguu hewani, anamkimbia ndugu yake kwa namna hiyo.

Basili akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, "Mimi sibishi, mdogo wangu. Nilimwacha mama. Kila siku naamka namwacha tena. Fungua basi."

Mkono wa Januari ulikwenda kwenye komeo, wallahi ulikwenda. Halafu akamuona mama yake, nguo zimelowa, kiganja kimoja kimeshika majani ya magimbi ya ukingoni. Mkono ukarudi. Baada ya kitambo jani likapitishwa chini ya mlango, na nyayo zikaenda.

Sasa sikia ujinga wa mtu mwenye akili. Januari alilitazama jani lile pale sakafuni, akawaza, nikilishika nimelipokea. Akachukua koleo. Akalibana jani kwa koleo la kufungulia nati za televisheni, akalitia ndani ya kasha la Lango la pili, akafunga kifuniko. Alijiambia kwamba mkono wake haujagusa, kwa hiyo hakuna kilichotokea.

Mwezi wa saba, kundi likiwa limechangamka kwa sababu ilikuwa imetangazwa kwamba gemu itatoka Novemba, Basili aliandika: "Januari, gemu ikitoka ikaonekana Orveni alikuja kuomba msamaha, utafungua mlango?"

Watu wakacheka, wakaona ni dau la mabingwa. Januari aliitazama meseji ile kutwa nzima. Ndani ya moyo wake alishachoka kuwa na hasira. Alikuwa anatafuta mahali pa kuitua bila kuonekana kaitua mwenyewe, na hapa kaka yake alikuwa amempa mahali penyewe. Akaandika: "Ikitoka ukawa sahihi, nitafungua kwa mikono yangu miwili."

"Haya," Basili akajibu. "Nasubiri."

Siku zile Januari alianza kupiga miluzi tena. Alimwambia Flavia kwamba Novemba watachinja mbuzi, hakusema kwa nini, na Flavia hakuuliza. Kwa mara ya kwanza aliomba ashindwe ubishi. Halafu mwezi wa tisa wale wazungu wakatoa tangazo: samahani sana, kazi bado, Lango la tatu linasogezwa hadi Oktoba ya mwaka unaofuata. Kundi likalia na kutukana. Basili aliandika neno moja tu. "Mwaka?" Baada ya saa nzima akaongeza: "Basi haya."

Januari alishika simu apige. Akaiweka. Alijiambia, mwaka ni nini? Gemu itatoka tu. Dau ni dau.

Basili akawa haandiki tena. Januari aliona, akadhani amenuna. Alirekodi sauti ndefu kuhusu kisu ili kumchokoza, kimya. Februari, siku ya Jumanne, akiwa amefungua televisheni ya mteja, Agness mke wa Basili alipiga simu. "Shemeji, njoo hospitali. Njoo sasa hivi." Januari aliiacha televisheni wazi na mlango wazi, akakimbia. Alipofika, shuka lilikuwa limeshavutwa.

Ilikuwa figo. Alikuwa anaugua tangu kabla ya ile Krismasi. Januari alimshika Agness mabega, "Kwa nini hukuniambia? Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza," Agness alisema. Hakuwa na machozi tena. "Alisema, sitaki anisamehe kwa kuwa nakufa. Nataka anisamehe kwa kuwa nimekosa."

Walimzika Old Moshi, kwenye kihamba, ubavuni mwa mama yake. Kabla jeneza halijashushwa, baba yao mkubwa, Mzee Thadeus, aliuliza kama kuna mtu aliyekuwa na neno na marehemu, alitoe sasa. Watu walimgeukia Januari, maana wengi walikumbuka yale matanga. Januari, yule mbishi wa Kiboriloni, alifungua mdomo, akaufunga. Mzee akangoja. Mwishoni akasema, "Haya, hakuna," na kamba zikaachiliwa. Isale za kaburini wakapanda wengine. Yeye alishindwa kushika hata mche mmoja.

Kundini walitoa pole. Ndipo watu walipofahamu kwamba walikuwa ndugu, wakashangaa, wakasema jamani hata hamkutuambia. Hawakujua zaidi ya hapo.

Oktoba gemu ikatoka. Ilikuwa Jumamosi mchana, na banda la Januari lilijaa mpaka barabarani. Flavia alimwambia asiende. Alikwenda. Alijua hawezi kukaa bila kuona. Mwalimu Joyness alikaa pembeni yake kutafsiri, akitafsiri vizuri tu, sauti moja kwa watu wote. Januari alicheza saa tatu bila kusema neno. Kisha theluji ikaanza kuanguka kwenye kioo. Hodi tatu.

Gemu ikasimama kumngoja. Safari hii palikuwa na uchaguzi: kufungua, au kuacha.

"Fungua!" watu walipiga kelele. "Bonyeza, Mangi!"

Januari alikuwa akiomba, ndiyo, alikuwa akimuomba Mungu kuhusu gemu, kwamba mkono ule utoke na kitu chochote, ua, mkate, mkono mtupu. Hakujua hiyo ingemsaidia nini sasa. Pengine ingemuumiza zaidi. Lakini aliitaka iwe hivyo, kwa ajili ya Basili, walau katika hili moja ashinde yeye. Akabonyeza kwa vidole vya mikono miwili. Lango likafunguka. Orveni akaingia, akamtazama mdogo wake machoni, akatoa mkono ndani ya joho.

Kisu.

Banda lililipuka. "Ulisema! Janu ulisema!" Walimkumbatia, wakampiga mgongoni, mmoja akammwagia soda. Simu ikaanza kutikisika mfukoni, kundi zima linaandika: umetisha, mtabiri, Chama cha Kisu oyee. Mmoja akaandika kwa nia njema kabisa, "Marehemu Basili angekuwepo leo angekubali yaishe." Januari alikuwa analia, mabega yanaruka, na watu wakasema ona, furaha imemzidi.

Walipotawanyika alibaki Mwalimu Joyness akikusanya vitu vyake. Januari akaenda kwenye rafu, akashusha kasha la Lango la pili, akalifungua. Jani lilikuwa limekauka, limekuwa na rangi ya tumbaku. Alilitoa kwa mkono mtupu.

Joyness alilitazama, akajua ni nini kama ambavyo yeyote wa kwao angejua. Akakaa tena taratibu.

"Nani alikuletea?"

"Basili."

"Lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tano. Alisimama hapo nje."

Kundi ni la Joyness, kila meseji alikuwa ameisoma, na sasa zilikuwa zinamrudia moja moja, hodi na moto na lile dau la mikono miwili. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ukamwambia nini?"

Januari aliligeuza jani, akalitazama upande wa pili.

"Nilimwambia tusubiri gemu itoke."